Msafara wa Chaki

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mimi watalisema wengine. Jumatano ile Lazare alipoifuta bahari nzima ya Atlantiki kwa mopu, mkosaji hakuwa yeye. Nilikuwa mimi, Gakii, meneja wa zamu, niliyesahau kuandika kwenye daftari la wasafishaji kwamba chaki ya ukumbini isiguswe. Nilikumbuka nikiwa kwenye foleni ya magari saa moja asubuhi, na kwa jinsi ninavyomjua Lazare, nilijua nimeshachelewa.

Klabu yetu iko Merrylands. Jina lake silitaji kwa kuwa bado inanilipa mshahara. Ina baa, ina meza za biliadi, na ina ukumbi wa sakafu ya mbao ambao Jumamosi hukodishwa kwa sherehe za kila taifa. Jumanne mchana ukumbi ni wa Ronnie na wazee wenzake saba. Ronnie ana miaka sabini na tisa, ni dereva wa treni mstaafu, na mchezo wao si bingo. Huchora sakafuni msafara wa meli za mizigo za wakati wa Vita Kuu ya Pili, zikivuka Atlantiki kwenda Uingereza na chakula na mafuta, zimepangwa mistari tisa. Kandokando huchora manowari sita za kuzisindikiza. Halafu baadhi ya wazee huendesha manowari na wengine huendesha nyambizi za Wajerumani zinazovizia, na kila baada ya dakika mbili kila mmoja husogeza chombo chake hatua moja. Mchezo huchukua siku mbili. Jumanne jioni bahari huachwa pale pale sakafuni isubiri kesho yake.

Lazare alikuwa amehamishiwa zamu ya alfajiri wiki ile ile. Ni Mrundi wa miaka hamsini na mitano, mrefu, mkimya kazini, na wahenga waliosema mwenda pole hajikwai hawakumwona yeye akisukuma mopu. Nilipofika, sakafu ilikuwa inang'aa hata ungeweza kujitazama usoni. Ronnie alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya Atlantiki isiyokuwapo. Hakufoka. Sisi Wameru tumezoea kufoka, na angefoka ningejua la kufanya. Alikaa tu akiangalia mbao.

Nikaanza kumwaga samahani zangu za Kiingereza cha ofisini. Lazare akanigusa bega, akaniambia kwa Kiswahili nimwombee chaki. Nilimwambia Mzee, hii imeshakuwa ya kuandikia incident report, ripoti ya tukio, tafadhali usiongeze kosa la pili. Alikwenda mwenyewe kwenye kisanduku cha Ronnie, akachagua chaki nyeupe, akapiga magoti, akaanza kuchora. Mstari wa kwanza meli tano, wa pili meli nne, wa tatu tano. Manowari kwa chaki ya njano. Nyambizi kwa kijani, moja moja, kila moja mahali pake. Ilimchukua kama dakika ishirini. Ronnie alisimama, akatoa karatasi yake mfukoni, akalinganisha, na kila alipolinganisha mdomo ulizidi kuachama.

Mwishowe akasema kuna kosa moja. Meli za msafara ni arobaini, na Lazare amechora arobaini na moja. Lazare akatikisa kichwa, akaonyesha meli ndogo iliyo peke yake nyuma kabisa, nje ya mistari. Ronnie akacheka kidogo. Ile, alisema, ni meli ya uokoaji. Haina mzigo, kazi yake ni kufuata nyuma na kuokota watu wa meli zilizozamishwa, na kwa desturi yao hawaihesabu.

Nilimtafsiria Lazare, ingawa Kiingereza anakijua. Nilitaka tu nisikie atakavyosema.

"Mimi naihesabu," alisema.

Baadaye tulipokuwa tunakunywa chai jikoni nilimuuliza alikumbuka vipi vyombo vyote vile. Alisema kitu chochote kilichopangwa mistari lazima akihesabu kabla hajakipita, iwe viti vya kanisani, iwe mikokoteni ya supamaketi. Ni tabia aliyoipata njiani, mwaka wa tisini na sita. Kisha akasuuza kikombe chake akaondoka, na hiyo kwa Lazare ilikuwa hotuba.

Habari za njiani nilikuwa nazijua, kama anavyozijua kila Mwafrika anayesali kanisani kwetu. Lazare alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ruyigi, mashariki mwa Burundi, kijana wa miaka ishirini na sita. Vita ilipofika kwenye kilima chao, aliwakusanya watu thelathini na mmoja, wakiwemo watoto kumi na wawili, akawaongoza kwa miguu siku nne hadi mto Malagarasi, wakavuka wakaingia Tanzania. Baada ya hapo miaka kumi na mmoja ya kambi huko Kibondo, kisha ndege, kisha Sydney. Akafungasha maboksi katika kiwanda kimoja Villawood hadi kiwanda kikafungwa, akaingia kwenye usafi. Mkewe Lyse anahudumia wazee, watoto wake wawili anawasemesha Kirundi wanamjibu Kiingereza. Mtu wa kawaida kabisa. Lakini akiingia kwenye sherehe ya Warundi watu wazima husimama, na utasikia mtu akimnong'oneza mwanawe, "Huyu ndiye aliyetuvusha."

Tena ni msemaji. Kwa Warundi posa haipelekwi kienyeji. Kila ukoo huweka msemaji wake, wanaketi wakitazamana, wanatupiana maneno na mafumbo na ng'ombe wasiokuwapo hadi watu wanashika mbavu. Lazare, yule yule mkimya wa mopu, akisimama hapo hugeuka mtu mwingine. Nimewaona watu wakibadilisha tarehe ya posa kwa sababu ya roster yake ya zamu.

Tangu siku ile ya chaki Ronnie hakumwacha. Jumanne Lazare akitoka kazini hupumzika kidogo, kisha hurudi mchana kucheza. Walimpa manowari. Mara ya kwanza alifanya kama sheria inavyosema: nyambizi ikizamisha meli, manowari haisimami kuokota watu, inaifukuza nyambizi. Mara ya pili alisimama. Pengo aliloliacha likapitiwa na nyambizi nyingine, na kabla chai haijaletwa meli tatu zaidi zilikuwa zimefutwa sakafuni. Ronnie mwenyewe ndiye aliyezifuta, kwa kitambaa, taratibu.

Na mchezo ulikuwa ule ule. Nilidhani wanabadilisha, kumbe kila wiki ni msafara mmoja, usiku mmoja, meli zile zile. Hilo lilinichekesha. Nikawaambia nyinyi ni kama wale wanaorudia mechi waliyofungwa wakitumaini safari hii mpira utaingia. Ronnie alitabasamu kwa adabu, na mimi nikajua nimegusa mahali pabaya.

Ndipo ukaja ujumbe wa Niyonsaba.

Niyonsaba anakaa Fairfield, stesheni tatu tu kutoka kwetu, na ana binti aitwaye Keza aliyepata mchumba. Alimtumia Lazare salamu kupitia kwa Lyse: anamwomba awe msemaji wa ukoo wa binti. Lazare akasema mgongo unamuuma. Niyonsaba akatuma tena. Lazare akasema ana zamu. Mara ya tatu Lyse alinipigia simu mimi, kwa hasira, akaniuliza kwani hiyo zamu nimempa mimi. Sikuwa nimempa zamu yoyote.

Nikamvizia stoo, kati ya ndoo na dawa za choo. Nikamwambia, Mzee Lazare, mama wa watu ni mjane, amekuomba mara tatu, ukikataa ni tusi, na Sydney yote italijua kabla ya Jumapili. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hapo ndipo aliponieleza lile ambalo katika sherehe zote zile halikuwahi kusemwa.

Walikuwa thelathini na mmoja walipovuka, ndiyo. Walipoanza walikuwa thelathini na watatu. Siku ya pili asubuhi, mama yake Niyonsaba, Bibi Spéciose, aliteguka mguu na kuketi. Milio ya bunduki ilikuwa nyuma yao, kilima cha pili. Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja, huyu akitaka kumbeba, yule akitafuta fimbo. Lazare akasema hakuna kusimama. Akasema mara mbili. Niyonsaba, binti wa miaka kumi na tisa, alibaki na mamaye. Wengine wakatembea, na Lazare mbele hakugeuza shingo. Miezi minne baadaye Niyonsaba aliingia kambini peke yake.

"Akasema nini?" nilimuuliza.

"Aliniamkia. Na mimi nikaitika. Basi."

Miaka ishirini na tisa ni hiyo. Na msemaji wa binti ni lazima aeleze ukoo ulikotoka na njia uliyopitia, mbele ya watu wote. Angeisimulia vipi njia ile mbele ya Niyonsaba?

Mimi mdomo wangu hauna breki, nikampa methali ya bure: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lazare aliniangalia bila ukali wowote.

"Si ndwele kwa nani, Mama Makena?" aliuliza, akiniita kwa jina la mwanangu.

Nikachukua chupa ya dawa ya choo nisiyoihitaji, nikatoka nayo.

Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha, wazee wengine hawakuja, wakabaki Ronnie na Lazare na bahari yao. Nilikuwa napanga glasi baa, mlango u wazi. Nilimsikia Lazare akiuliza, kwa kile Kiingereza chake cha kuchagua maneno, kwa nini kila wiki usiku ule ule. Ronnie aliweka chaki chini, akaeleza.

Baba yake alikuwa kijana wa hapa hapa Sydney aliyepelekwa kutumikia kwenye manowari moja ndogo ya Waingereza, kazi yake kutuma ishara kwa taa. Usiku ule meli ya mafuta ilipigwa karibu nao. Wakati ule mabaharia walishaanza kupewa makoti ya kuelea yenye taa ndogo nyekundu begani. Manowari ikiwa mbioni kuifukuza nyambizi, ilipita kando ya zile taa, karibu kiasi cha kusikia watu wakiita. Amri ilikuwa hakuna kusimama. Baba yake alizihesabu, zikafika kumi na sita. Alfajiri meli ya uokoaji iliyokuwa nyuma ilileta habari kwamba imeokota saba. Nyumbani kwao, Ronnie alisema, hakukuwa na taa nyekundu, hata za Krismasi, na hakuna aliyeambiwa sababu hadi mzee alipokuwa na miaka tisini.

Alipokufa, miaka kumi na mmoja iliyopita, Ronnie alianza mchezo. Alitaka kupata njia. Iwapo manowari ingesimama dakika sita tu, iwapo ingezunguka kulia, iwapo mwenzake angeziba pengo. Amecheza zaidi ya mara mia nne. Kila ikisimama, meli zaidi zinazama. Ni yale yale ya bora nusu shari kuliko shari kamili, na nahodha yule alikuwa sahihi, na usahihi wake haujamsaidia mtu yeyote kulala.

Lazare alisema, "Unatafuta mahali pabaya, Ronnie. Hapa sakafuni wewe unawauliza manahodha. Wale wa majini hujawahi kuwauliza."

Ronnie akasema wale wamekufa.

"Baba yako hakuwa na wa kumuuliza," Lazare alisema. "Mimi ninaye. Anakaa Fairfield."

Alikuja baa akaniomba nimpeleke kwa gari. Nilimwambia kuna treni. Akasema treni ataiacha ipite, anajijua.

Niyonsaba alitupokea bila mshangao, kama mtu aliyekuwa ameweka saa. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, kitenge kiunoni, maharage jikoni yakinukia. Alitupa Fanta kwanza, maana kwao mgeni hazungumzi mdomo mkavu. Lazare alishika chupa asiinywe. Mimi nikajifanya natazama picha za Keza ukutani.

"Niyonsaba," alisema, "siku ile ni mimi niliyesema watu wasisimame."

"Ninajua. Nilikuwepo."

Nilisikia sufuria ikichemka. Lazare alianza kusema kuhusu bunduki na kilima cha pili, na Niyonsaba akainua mkono mmoja, na yeye akanyamaza mara moja kama mwanafunzi.

"Kusimama sikudai," alisema. "Ulikuwa na watoto kumi na wawili. Mama mwenyewe alinifukuza nikufuate, ni mimi niliyekuwa mkaidi. Ninalokudai ni la kambini. Miaka kumi na mmoja tulichota maji bomba moja. Ulinipa sabuni. Ulinipa chumvi. Ulimfundisha Keza kusoma ukakataa asante. Hata siku moja hukuniuliza mama yangu nilimzika wapi."

Lazare aliinama.

"Wasemaji Sydney wapo," aliendelea Niyonsaba, "na wawili wanakushinda. Lakini msemaji wa binti ni lazima aje nyumbani, akae, aulize ukoo wote, walio hai na waliokufa. Nikasema, huyu nisipomtega kwa desturi atakufa hajaniuliza."

Nilitaka kucheka na machozi yananitoka. Sina haya kusema kwamba nililia, tena kwa sauti, hadi Niyonsaba akanipa kona ya kitenge chake.

Lazare alitoa mfukoni kijidaftari anachoandikia mafumbo ya posa, akatafuta ukurasa mtupu.

"Mama ulimzika wapi?"

Akaambiwa. Bibi Spéciose aliishi siku tatu baada ya wao kupita. Wapiganaji hawakuwagusa, walipita na hamsini zao, ila homa ilipanda na maji yalikuwa mbali. Kulikuwa na tanuri la matofali lililoachwa, na karibu yake mkaratusi mmoja. Niyonsaba alichimba kwa sufuria na mikono. Shimo halikuwa refu, kwa hiyo alipanga matofali juu, safu kwa safu. Alipofika Australia na kukuta mikaratusi kila mtaa, wiki ya kwanza hakutoka nje.

Lazare aliuliza matofali yalikuwa mangapi. Nilidhani atamkasirisha. Lakini Niyonsaba alimjibu papo hapo, bila kufikiri: sitini na nne. Na yeye alikuwa amehesabu.

Posa ilifanyika Jumamosi ya tatu baada ya hapo, ukumbini kwetu, juu ya mbao zile zile. Ronnie nilimwalika mimi. Alikaa nyuma na tai yake, hajui neno, nami kando yake nikitafsiri kile alichokuwa ananitafsiria Lyse kutoka Kirundi. Msemaji wa upande wa kijana alimaliza na ng'ombe wake, watu wakacheka, wakageuka kumngoja Lazare awararue.

Lazare alisimama akasema binti huyu ni mjukuu wa Spéciose, wa kilima fulani, aliyelala chini ya mkaratusi karibu na tanuri, matofali sitini na nne. Akasema njia yetu mnayoisifu ilianza na watu thelathini na watatu. Mimi ndiye niliyesema tusisimame, alisema, na ningesema tena. Lakini sikurudi kuuliza, na hilo si la vita, ni langu.

Ukumbi ulikuwa na watu tisa waliovuka naye. Niliwaona wakiangalia viatu vyao. Hata wao walikuwa wamechota maji bomba lile. Mmoja, mzee Siméon, alinyanyuka akavuka nafasi iliyo kati ya koo mbili, jambo ambalo desturi hairuhusu, akamshika Niyonsaba mkono. Kisha wengine wakafuata.

"Haya, kaeni," Niyonsaba alisema mwishowe, akifuta macho. "Watoto wanataka kuoana."

Ronnie aliniuliza yule mama amesema nini. Nikamwambia. Kisha akataka kujua Lazare aliuliza nini hasa alipokwenda kule Fairfield. Nikamwambia hilo pia.

Jumanne yake nilipofika ukumbini hakukuwa na chaki. Sakafu ilikuwa tupu, na wazee walikuwa wameketi duara. Ronnie alikuwa na kile kisanduku cha chaki magotini, na chini ya chaki, mahali ambapo Lazare alipaona siku ile alipochora bahari upya asiseme, palikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa. Baba yake aliiagiza kutoka ofisi ya kumbukumbu huko Uingereza alipokuwa na miaka tisini. Ni majina ya waliokufa kwenye meli ile ya mafuta. Wale tisa wasiookotwa wamo humo kati ya wenzao, ingawa karatasi haiwezi kusema ni akina nani. Mzee aliipokea na hakuifungua, na mwanawe ameitunza miaka kumi na mmoja bila kuifungua.

Ronnie alimpa Lazare. Lazare akaipasua kwa ufunguo wa stoo, akatoa karatasi, akamrudishia mwenyewe asome. Yeye akafungua kijidaftari chake, ukurasa unaofuata ule wa Bibi Spéciose.

Ronnie akasoma jina la kwanza. Lazare akamwomba alitaje herufi kwa herufi, asilikosee.